Wanaoshuka, Taratibu

Mdogo wangu mpenzi, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, bi harusi. Usicheke. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, tena kwa mwandiko ule mzuri aliotufundisha mwalimu wetu wa kidato cha pili. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Bado unatembelea fimbo, au umeshaitupa chini ya kitanda kama nilivyotabiri? Na lile sikio la kushoto, limefunguka kidogo au bado linasikia linachotaka tu? Wasalimie wajukuu wote, hasa yule anayekuandikia bahasha. Mwambie mwandiko wake unapendeza, ila aache kuniita "Bibi Mkubwa" mpaka tarishi anacheka.

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta, unaruka mistari kama ulivyokuwa ukiruka kurasa za vitabu ili ujue nani anakufa mwishoni. Hakuna anayekufa. Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama pale pale mlangoni. Wewe, mtu wa salamu ndefu, safari hii hukusalimu hata kidogo. Uliuliza swali moja tu: dada, ni kweli anakupiga?

Jibu ni hapana. Lakini najua hapana tupu haitakutosha, maana hata wanaopigwa husema hapana. Kwa hiyo niache nikueleze kwa mwendo wangu. Kwa simu nisingeweza. Wewe husikii mpaka mtu apige kelele, na mambo haya hayapigiwi kelele katika jengo letu, kwa kuwa chini yetu anaishi yule jirani tunayemwita Redio.

Kwanza nikwambie habari za mume wangu. Mume wangu! Mdogo wangu, bado nikiliandika neno hili natabasamu peke yangu kama msichana aliyepitishiwa kikaratasi darasani. Ulipokuwa hospitali na goti lako ulikosa mengi. Ulikosa kumwona amevaa suti yake ya kijivu, ameshona mwenyewe kifungo kilichokatika, kwa uzi wa bluu kwa sababu hakuuona mweusi. Ulikosa kusikia sauti yake alipotamka kuwa ananitaka. Watu walicheka, kwa sababu aliitamka kama anatangaza kituo. Ndiyo sauti aliyonayo. Maisha yake yote alikuwa kondakta wa treni, na kustaafu hakukumbadilisha hata punje.

Tulikutana kwenye zahanati, siku ya wagonjwa wa presha. Nilikuwa nashuka ile ngazi ya mlangoni, iliyo ndefu kuliko inavyostahili, mara nikaona kiganja mbele yangu. Sikumwona mtu, niliona kiganja kwanza. Kikubwa, kimekaa tayari, kama kilikuwa kinanisubiri mimi tangu zamani. Halafu nikasikia, "Wanaoshuka, taratibu." Nikashuka. Nadhani mpaka leo bado nashuka.

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Akiniona nainuka kwenda jikoni, hutangaza, "Jikoni! Wanaoshuka jikoni!" Nikitoka bafuni naulizwa tiketi. Asubuhi hawezi kuniamsha kama watu wengine, lazima anijulishe kwamba tumefika kituo cha mwisho na abiria wote washuke, wasisahau mizigo yao. Nilicheka wiki ya kwanza mpaka mbavu zikauma. Sikujua kwamba chini ya sakafu yetu kuna mtu anasikiliza na hacheki.

Sasa tuje kwenye ngozi. Unakumbuka mikono ya mama yetu uzeeni, ilivyokuwa na madoa ya zambarau, na sisi tukidhani anabeba ndoo vibaya? Ndiyo hiyo, imenifikia. Ilianza nikiwa bado napiga chapa pale ofisi ya shule. Nagusa droo kidogo tu, kesho yake damu imevilia chini ya ngozi kama nimegongwa na lori. Siku hizi imezidi. Nikibandika plasta, nikiibandua inatoka na ngozi. Kamba ya mkoba ikikaa kwenye mkono, inaacha mstari. Nililala juu ya miwani yangu mara moja, nikaamka na miwani nyingine imechorwa begani.

Daktari alinieleza vizuri, kijana mpole, akanichorea na picha. Alisema ngozi ya mzee huwa nyembamba, na yale mafuta ya chini yake yaliyokuwa yanailinda hupungua, kwa hiyo vimishipa vidogo hupasuka kwa jambo dogo. Akasema na kile kidonge changu cha kulainisha damu, kwa ajili ya moyo, kinachangia, ila nisithubutu kukiacha bila kumwuliza yeye. Alichukua na damu wakaipima, asije akawa anasingizia uzee bure, wakakuta haina neno. Basi akaniambia nipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, nivae mikono mirefu, niwashe taa ninapopita, na nitazame kona za meza.

Nilimweleza mume wangu hayo. Kesho yake nilikuta kila kona ya meza imevalishwa soksi zake kuukuu na kufungwa kwa kamba. Kitanda nacho kimevaa soksi. Kabati limevaa soksi moja ya kijani na moja ya kahawia. Nyumba nzima ilionekana kama inajiandaa kwenda shule. Nilikaa juu ya kitanda nikalia kwa furaha, mdogo wangu. Hakuna aliyewahi kuniwaza mpaka kwenye kona za meza.

Na mkono ule ule uliofunga soksi ndio uliotuletea balaa. Tulikuwa tunatoka sokoni, tumefika katikati ya barabara, pikipiki ikatokea upande usiofaa. Mume wangu alinidaka mkono juu ya kiwiko akanivuta. Angechelewa kidogo tu, leo ungekuwa unamwandikia yeye barua ya rambirambi. Jioni mkono ukaanza kubadilika, na asubuhi ilikuwepo alama: vidole vinne upande mmoja na gumba upande mwingine, nyeusi kama bilinganya. Unaweza kuhesabu vidole. Ungeweza hata kumtambua mwenyewe kwa hiyo alama.

Na siku hiyo hiyo ndiyo binti yangu alikuja kututembelea. Nilikuwa naosha vikombe, nimekunja mikono ya blauzi. Aliingia jikoni akaniona. Hakuniuliza mimi. Alikwenda sebuleni akamwuliza yeye, nani amemfanya mama hivi.

Sasa msikilize mume wangu. Mtu mwingine yeyote angesema kulikuwa na pikipiki. Yeye alisimama, akanyoosha shati, akasema, "Ni mimi. Ni mkono wangu huu. Kosa ni langu." Nilikimbia kutoka jikoni na povu mikononi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baadaye nilipomfokea, aliniambia kwamba kazini ndivyo walivyofundishwa. Abiria akiumia wakati anapanda au anashuka, kondakta hasemi abiria alivaa viatu vibaya, hasemi dereva alifunga breki. Anasema kosa ni langu, halafu mengine yanafuata. Amesema hivyo maisha yake yote na kila mara mengine yalifuata. Safari hii hayakufuata. Binti yangu alishapata alichokuwa anakitafuta.

Mimi nilieleza habari ya pikipiki. Nilieleza ngozi, kidonge, daktari, soksi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyonitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu anayemtetea mwizi wake. Kisha akashuka chini, na Redio alikuwa mlangoni tayari. Redio akamwambia kwamba yeye si mtu wa kuingilia nyumba za watu, lakini kila asubuhi ya Mungu anamsikia yule mzee akimpigia mama yake kelele, "Shuka! Shuka na mizigo yako!"

Nimejaribu kukasirika na nimeshindwa. Ndivyo sakafu inavyosikika, mdogo wangu. "Wanaoshuka" ikipita kwenye zege inafika chini ikiwa "shuka". Kwa hiyo binti yangu alirudi juu akiwa na ushahidi wa vidole na ushahidi wa masikio. Akamwambia mume wangu, mbele yangu, maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Neno la mwisho ndilo lililobaki ndani ya nyumba. Alisema, "Baba yangu aliishi na mama miaka yote ile, na hakuwahi kumwachia alama hata moja."

Tangu siku hiyo mume wangu hanigusi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha peke yake, kwa sababu ndivyo inavyokaa humu ndani. Alihamia kochi la sebuleni, akasema anahofia kunigonga kwa kiwiko usingizini. Chai hanipi mkononi tena. Anaiweka mezani, anarudi nyuma, ndipo mimi naichukua. Tukitoka anatembea kando ya barabara, nami ukutani, na katikati yetu angeweza kupita mtu na baiskeli. Nikiteleza kidogo nauona mkono wake unaruka, halafu anauficha mfukoni. Na kutangaza vituo kumekwisha. Nikiinuka kwenda jikoni nakwenda kimya kimya, nafika kimya kimya.

Mchana yeye hulala kochini, nami hukaa chumbani na kitanda chetu kilichovaa soksi. Mavazi yangu ya harusi bado yanatoa harufu ya manukato niliyojipaka. Nasikia majirani wanafungua milango, wanaitana, wanacheka. Nilishazoea upweke, wewe unajua. Upweke wa mjane ni kama chumba ambacho taa imezimwa, unakizoea, unajua kiti kiko wapi. Huu wa sasa ni tofauti. Taa inawaka, mtu ninayempenda yupo, nasikia anavyokohoa, na bado mkono wangu uko peke yake juu ya shuka.

Binti yangu hupiga simu kila siku. Huuliza, "Amekugusa?" Nami hujibu ukweli, hapana. Husikia raha, naisikia raha yake kwenye pumzi, ananiambia vizuri mama. Najua ananipenda. Ndiyo sababu siwezi hata kumchukia kwa amani.

Wiki iliyopita alikuja tena ghafla. Ile alama ilipaswa kuwa imepita. Ilikuwa imeshageuka kijani, kisha manjano, unajua zinavyokwenda. Alinikunja mkono wa blauzi mwenyewe, kama nilivyokuwa nikimkunja yeye kabla ya kumwogesha. Akakuta alama mbichi, nyeusi, pale pale. Vidole vinne na gumba.

Hakupiga kelele safari hii. Alisema tu kwamba Jumapili anakuja na gari, ameshanitengea chumba, cha jua la asubuhi, na kwamba akimkuta yule mzee bado yumo atawaita wanaohusika. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni pa sebule. Aliitazama ile alama. Kisha akaitazama mikono yake, yote miwili, akiigeuza geuza, kama mtu anayetafuta ndani ya mifuko kitu asichokumbuka kukiweka. Alidhani pengine amenishika usingizini. Alidhani pengine anatembea usiku na hajui. Binti yangu alipoondoka, alitoa begi lake la kazini chini ya kochi, akaanza kukunja mashati. Alisema atakwenda kwa mdogo wake kwa muda, mpaka ngozi yangu ipone. Nikamwambia hii ngozi haina kupona, huu ni uzee. Akasema, "Basi mpaka uzee upone," na hakucheka, wala mimi sikucheka.

Sasa kitinda mimba, kaa chini kama umesimama. Ninalokwambia hapa sijamwandikia wala sitamwandikia mtu mwingine.

Ile alama ya pili ni mimi niliyejitia.

Alama ya kwanza ilipoanza kufifia, nilikuwa naiangalia kila mchana nikiwa peke yangu. Ilipoingia manjano niliona inaniaga. Ilikuwa ndiyo kitu pekee cha mkono wake kilichobaki juu yangu. Basi mchana mmoja nikaweka vidole vyangu juu ya vidole vyake, kila kimoja mahali pake, gumba upande wa pili, nikabana. Sikutaka kuumia, wala sikuumia. Nilitaka isiondoke tu. Nilisahau nina ngozi ya namna gani. Asubuhi ilikuwa nyeusi upya, na mimi, mama mtu mzima niliyepata daraja la pili katika mtihani wa kidato cha nne, nilifurahi kuiona. Sikujua kwamba nimemwandikia mume wangu kesi.

Na binti yangu alipoikuta, sikumwambia hayo. Nilisema tu kwamba si yeye, na nilipoulizwa ni nani basi, nikashusha mkono wa blauzi. Ungesema nini? Ungemwambia mwanao kwamba mama yake anajibana mkono mchana kweupe kwa kumtamani mtu aliyeko chumba cha pili?

Maana ningelazimika kumweleza na kwa nini. Na hapo ningemgusa baba yake. Marehemu hakuwa mtu mbaya, sitaki uelewe hivyo. Hakutuachia njaa, hakutuachia madeni, hakuinua sauti. Lakini wewe ulilala nyumba ile, ule mwaka uliokuja kwetu kusubiri matokeo yako. Ulikuwa msichana mdogo na uliniuliza kwa nini shemeji na mimi hatukai kochi moja. Nikakujibu kochi ni dogo. Halikuwa dogo. Tangu nilipomzaa binti yetu, yule bwana hakunishika. Hata nilipougua. Alinipa mkono mara moja tu, siku ya sherehe yangu ya kustaafu, alipokuwa kwenye foleni nyuma ya mkurugenzi, akasema hongera. Binti yangu alisema kweli, baba yake hakuniachia alama hata moja. Nilitoka katika ndoa ile na ngozi safi kama karatasi ambayo hakuna aliyeiandika.

Leo asubuhi nilimwambia mume wangu yote haya. Begi lilikuwa mlangoni, na kofia yake ya kazi juu yake. Nilikunja blauzi, nikaweka vidole vyangu juu ya ile alama mbele ya macho yake, aone kwamba vinaenea, kwamba alama hii ni ndogo kuliko kiganja chake. Aliinama akaiangalia muda mrefu, bila kuigusa. Nilimwona anapima. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe abiria ameruka mwenyewe." Na mimi nikasema ndiyo, kwa sababu kondakta alikuwa hatangazi kituo.

Alikaa kwenye ukingo wa kochi. Akaniambia anaogopa, kwamba hata sasa ningemwomba anishike asingeweza, mkono ungemkatalia. Nikadhani basi, ndio mwisho. Lakini baadaye kidogo akaniambia habari ambayo hajawahi kuniambia. Alisema kulikuwa na abiria waliokuwa hawataki kushikwa: mtu ametoka hospitali, mtu ameungua, mama mwenye mtoto mgongoni. Hao huwashiki. Unakunja mkono wako ukauweka imara kama chuma cha mlangoni, ukatazama pembeni, nao wanajishikilia wenyewe, kwa nguvu wanayoitaka, na kuachia wanapotaka. Akasimama. Akakunja shati mpaka kwenye kiwiko, akaukunja mkono, akatazama dirishani.

Nikaushika. Mdogo wangu, niliushika kwa mikono miwili. Niliushika kama mtu aliyechelewa na treni imeshaanza kwenda. Nilikuwa na siku zote zile za kushika na miaka yote ile, na sikuachia mpaka chai ikapoa. Yeye hakusogea. Alikuwa anatazama dirishani tu.

Begi bado liko mlangoni, sitakudanganya. Halijafunguliwa, halijaondoka. Usiku wa leo sijui atalala wapi, sikumwuliza. Jumapili binti yangu atakuja na gari lake na mapenzi yake, na nitamkalisha kwenye kochi nimweleze, pikipiki, zege la Redio, mchana wangu wa kujibana, na baba yake. Hiyo ya mwisho itamwuma, na pengine atatoka bila kuniaga. Akikupigia kukuuliza kama ni kweli, weka simu kwenye sikio zima. Usinipambe, usimchafue marehemu. Mwambie tu kuhusu lile kochi. Mwambie halikuwa dogo. Hakuna mwingine aliye hai aliyeliona.

Na kuna moja la kukuchekesha kabla sijafunga bahasha. Nimesahau kukwambia kwamba mume wangu ananizidi miaka mitano, na kidonge cha moyo tunachukua dirisha moja. Saa hii ameingia chumbani kutafuta miwani, shati bado amelikunja, nikauona mkono wake chini ya kiwiko. Umeshaanza kubadilika. Vidole vyangu vyote vimo, mdogo wangu, na magumba mawili. Jumapili binti yangu atauliza ni nani amemfanya mzee hivi, nami nitasimama, ninyooshe blauzi, niseme ni mimi, ni mikono yangu hii.

Nakutakia goti jepesi na sikio jema. Niombee nipate maneno. Uniandikie upesi, na safari hii usiache salamu. Ameniona nainuka kwenda kutafuta stempu, akafungua kinywa, akakifunga, akakohoa. Halafu, taratibu sana, Redio asisikie, ametangaza kituo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Abiria.